Uzembe wa Daraja la Juu

Tulipomzika Baba Shiru, msomaji wa wasifu wake alipita haraka mahali pamoja. Alisema marehemu alikuja Sydney kuzoeza farasi wa mbio, akawa joki wa kuwapanda mashindanoni kwa miaka mingi, kisha akawa dereva wa lori pale bandarini Port Botany. Kati ya joki na dereva hakuvuta hata pumzi. Ukumbi wa kanisa kule Merrylands ulijaa hadi mlangoni, akina mama wakipakua pilau kwenye sahani za karatasi, na mimi nilikaa safu ya pili pamoja na familia kwa sababu Mama Shiru aliagiza nikae hapo. Baadaye dada mmoja wa kwaya aliniuliza nilimjuaje marehemu. Nikamwambia niliwahi kuishi kwake mwaka wa lokdauni ile ya pili, ile ndefu. Akacheka, akasema, "Ah, basi mlikula na kulala tu." Hatukula, na usingizi wenyewe ulikuwa wa kubembeleza. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba mtu akizikwa na mwaka mmoja wa maisha yake ukaachwa nje ya jeneza, lazima kuwe na mtu wa kuubeba.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimepanda farasi uwanja wa mbio wa Ngong kule nyumbani tangu utotoni, na Baba Shiru ndiye aliyenitafutia kazi Sydney, akanipokea uwanja wa ndege, akanipa chumba. Nyumba yao ilikuwa Toongabbie, ya matofali, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe vilitetemeka kabatini. Chumba changu kilikuwa kimekatwa kutoka sebuleni kwa ukuta wa ubao mwembamba. Mtu akikohoa upande wa pili, ungeweza kumwambia pole bila kupaza sauti. Mama Shiru alikuwa nesi, na miezi ile alikuwa akirudi kutoka wadi ya wagonjwa wa korona akivulia nguo gereji, anaingia ndani amejifunga shuka, anaoga kabla ya kumsalimia mtu. Kisha anapika. Ugali, sukuma, nyama ya kukaanga na vitunguu, vyote kwa ajili yake na binti yao Shiru, maana sisi wawili tulikula kama wagonjwa: yai la kuchemsha, chai isiyo na maziwa, nusu ya tango. Tulikaa meza moja nao hata hivyo. Baba Shiru alisema ni dharau kuondoka mezani kwa sababu huli. Alikaa akitazama bintiye akimega ugali, na mimi nilitazama mikono yangu.

Sauna za viwanjani, vyumba vya joto ambamo majoki hutoa jasho kupunguza uzito, zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, kwa hiyo tulijikausha nyumbani, kwenye maji ya moto, tumevaa makoti ya plastiki. Masomo yangu yote ya kweli niliyapata humo bafuni. Baba Shiru alikaa ndani ya beseni, jasho likimtoka puani, na mimi nikakaa sakafuni nikisubiri zamu. Alichukua sabuni na kitana akavisogeza kwenye ukingo. "Huyu ni wewe, huyu ni mwenzako aliye ndani, karibu na uzio. Wewe unataka njia yake, si ndiyo? Basi mpite kwanza. Mpaka nafasi kati yenu imeze farasi mzima na nusu, afadhali wawili. Hapo ndipo unaingia. Kabla ya hapo, hiyo njia si yako, ni ya mwenye nayo." Nikamuuliza, na ukiingia mapema? "Wasimamizi wa mbio watakuita, wakuonyeshe video, wakwambie umeendesha kwa uzembe, wakupe siku za kukaa nje." Majoki walizoea kuziita likizo. Baba Shiru alikuwa amekwenda likizo mara kadhaa, na alizisimulia kama mtu anavyosimulia faini za kuegesha gari.

Kile ambacho hakunisimulia nilikisikia ukutani. Jioni moja Mama Shiru alikuwa akimwambia, "Wenye farasi hawapigi simu tena. Unaona hata mwenyewe. Unashindana na watoto."

"Watapiga."

"Utaanguka, Njoroge. Umri huu mfupa haushiki."

"Mimi siwezi kuanguka," alisema. "Nitawaonyesha hao watoto."

Mmoja wa watoto hao alikuwa Tess, mwanagenzi aliyetoka mashamba ya mbali, wa miaka kumi na tisa, mwenye madoa usoni na sauti kubwa isiyolingana na umbo lake. Tulikuwa zizi moja. Alfajiri alikuja akiwa ameshapigwa na baridi mpaka masikio mekundu, akawasalimu farasi kabla ya watu. Nilimfundisha kusema "twende kazi" na akaanza kumwambia hivyo kila farasi aliyempanda. Jina la Njoroge liliwashinda wazungu wote pale, au hawakutaka kujisumbua, wakamwita Joe. Tess pia alimwita Joe, ila yeye alimwuliza maswali. Amshike vipi farasi anayevuta, aketi vipi kwenye tope. Na Baba Shiru alimjibu, kwa muda na kwa upole, kama alivyonijibu mimi. Nataka hilo lijulikane. Hakumchukia yule msichana hata siku moja.

Mbio hazikusimama lokdauni ile. Dukani hatukuruhusiwa kwenda wawili, helikopta za polisi zilizunguka juu ya mitaa yetu ya magharibi, askari walibisha milango kuhakikisha wagonjwa wako ndani, lakini farasi walikimbia kila Jumamosi. Tulipimwa puani kila baada ya siku chache, tukabeba vibali kwenye simu, tukapita barabara tupu hadi uwanjani, na tulipotoka kwenye geti la kuanzia kulikuwa na viti maelfu bila mtu hata mmoja. Ukimya ule ulinitisha kuliko kelele. Zamani umati ulimeza kila kitu. Sasa nilisikia pumzi za farasi, ngozi za matandiko zikilia, na majoki wakitukanana kama watu walio chumba kimoja.

Siku ile kulikuwa na mvua nyembamba. Farasi wangu hakuwa na lolote, kwa hiyo nilikuwa nyuma ya Tess, ndani kabisa karibu na uzio, nikitazama mgongo wake. Baba Shiru alikuwa nje yetu, amemtangulia Tess kwa shingo tu. Tulipofika kona ya mwisho niliona anageuza kichwa, anatazama chini ya bega lake la kulia, upande aliokuwapo yule msichana. Alimwona. Kisha akaanza kuingia. Tess akaita, "Joe!" Nikamsikia kama aliyeniita mimi. Nafasi ilikuwa haijatosha hata nusu ya farasi. Akaita tena, "Joe!" na safari hii jina lilipasuka katikati. Baba Shiru alivuta hatamu ya kulia kidogo, jambo dogo kabisa la kidole na kifundo cha mkono, na farasi wake akaziba njia yote. Miguu ya mbele ya farasi wa Tess ikagonga visigino vya farasi huyo. Ile sauti si kubwa. Ni kama mtu kabisha hodi mara moja. Farasi akainamisha kichwa chini, na Tess hakuwepo tena juu.

Wangu aliruka pembeni kwa akili yake mwenyewe, si kwa yangu. Nilipoweza kusimama na kugeuka, yule farasi alikuwa amesimama kwa miguu mitatu, anashangaa, na watu walikuwa wanakuja mbio wamebeba pazia la kijani. Pazia lile huwekwa ili watu jukwaani wasione farasi aliyevunjika mguu akimalizwa. Jukwaani hakukuwa na mtu, lakini waliliweka. Tess alikuwa amelala chali kwenye nyasi akitazama mvua, macho yakiwa wazi. Nilipiga magoti kando yake nikamwambia asitikisike. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mtu amenivua buti?" Buti zake zote mbili zilikuwa miguuni.

Baba Shiru alikuwa amemaliza wa pili.

Uti wa mgongo wa Tess ulikuwa umekatika. Tuliambiwa siku chache baadaye, na pia tuliambiwa kwamba wasimamizi wangesikiliza kesi kwa video, kila shahidi akiwa kwake. Simu zikaanza. Joki mmoja mkubwa alinipigia akaniambia kwamba mambo ya chumba cha majoki hubaki chumbani. Unaulizwa, unasema farasi walibanana kidogo, basi. Mzee mmoja wa kanisa naye akapiga, akaanza kwa maombi, akamalizia kwa kunikumbusha kwamba sisi Wakenya hapa tuko wachache na tunajulikana. Baba Shiru mwenyewe hakuniambia neno. Asubuhi ya kesi alinywa chai yake, akanyoa, akavaa suti kamili na tai, akiwa sebuleni kwake mwenyewe. Ni Mama Shiru aliyeniita jikoni. Alikuwa anaosha sufuria iliyokuwa imeshatakata.

"Kioko, mimi sikwambii useme nini."

"Ndiyo, Mama Shiru."

"Nakukumbusha tu uko kwa nani." Akaendelea kusugua. Kisha akasema, bila kugeuka, "Na huyo msichana ana mama. Hilo pia nalijua. Wadi yetu imejaa watoto wa wenyewe. Nenda bana, nenda, kabla sijasema jambo lingine."

Hivyo ndivyo nilivyokaa kitandani kwangu na simu imeegemezwa kwenye Biblia, na Baba Shiru akakaa upande wa pili wa ubao na kompyuta ya bintiye. Kila neno lake nililisikia mara mbili: kwanza kupitia ukutani, kwa sauti ya mtu ninayemjua, kisha kwenye simu, limechelewa kidogo na kukauka. Alisema farasi wake alikuwa mchanga, kwamba alichoka akaelemea ndani, kwamba alijaribu kumnyoosha. Msimamizi mkuu, mzungu mwenye mvi na adabu nyingi, akamuuliza kama mpandaji wa ndani alimwita. "Hapana, bwana. Sikusikia kitu." Majoki watatu waliokuwa karibu walisema hawakusikia kitu. Kisha yakasomwa maelezo ya Tess, yaliyochukuliwa kitandani hospitalini: anaikumbuka kona, halafu anakumbuka mvua. Hajui kama aliita. Anadhani aliita.

Zamu yangu ikafika. Nilisema nilichoona: alitazama, akaingia kabla ya nafasi kutosha, akavuta hatamu ya kulia. Msimamizi akauliza, "Ulisikia sauti yoyote?"

"Ndiyo, bwana. Aliita jina lake. Mara mbili."

Upande wa pili wa ubao kiti kililia. Msimamizi akaniuliza kama nina hakika, maana mimi nilikuwa nyuma, na upepo, na kofia, na walio mbele hawakusikia. Nikasema nina hakika. Akaniuliza tena kwa maneno mengine. Nikajibu vilevile. Akanishukuru.

Uamuzi ulisomwa alasiri. Kuhusu kuita, ushahidi unapingana, na kamati haiwezi kuthibitisha kwamba mpandaji wa ndani alitoa sauti yoyote. Kuhusu uendeshaji, video inajieleza: uzembe, wa daraja la juu. Miezi mitatu nje. Halafu msimamizi akavua miwani akaeleza, nadhani kwa ajili ya wazazi wa Tess waliokuwa wakisikiliza, kwamba majeraha hayaingii kwenye kupima adhabu. Kamati huadhibu namna mtu alivyoendesha, haiadhibu anguko. Nimelifikiria neno hilo miaka yote hii na bado siwezi kusema si haki. Mimi mwenyewe nimewahi kubanwa vile nikavuta hatamu, nikabaki juu, na aliyenibana akapewa siku zake akaenda likizo. Kosa ni lilelile. Lakini niliposikia sauti ya mama mmoja kwenye simu ikiuliza, "Miezi mitatu?" na mtu akaizima haraka, nilijua kuna mizani ambayo haimo katika sheria, na hakuna ofisi inayoishika.

Ungedhani nilifukuzwa. Lakini ulikuwa wakati ambao mtu hawezi kuhama kirahisi, nyumba za kupanga hazitazamwi, marafiki hawapokei wageni. Tukabaki. Nyumba ile ile, bafu lile lile, nami nikiwa mtu aliyesema. Mama Shiru aliacha kuniita mezani. Chai yangu niliikuta sakafuni nje ya mlango, imefunikwa kwa kisahani, kama ya mtu aliyewekewa karantini, na sikuwahi kujua kama ilikuwa adhabu au huruma, maana haikukosekana hata siku moja. Shiru, aliyeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alinisimamisha koridoni akaniambia, "You told on Dad." Nikamwambia ndiyo, nilimsemea baba yake. Akaingia chumbani kwake. Uwanjani, majoki walihamisha vitu vyao mbali na benchi langu. Farasi wangu walikuwa wakibanwa kwenye kila kona, si kwa hatari, kwa kunikumbusha tu. Na kibaya zaidi, nilianza kujishuku. Kamati nzima ilikuwa imesema haikuthibitika. Nikiwa njiani alfajiri nilijaribu kuisikia tena ile sauti, na siku nyingine haikuja.

Baba Shiru alinenepa. Alikula kwa mara ya kwanza tangu nimjue, tena bila furaha, amesimama mbele ya friji. Hakunyoa. Siku moja ya jua nilikuwa uani naanika nguo, akatoka akaja kusimama upande wa pili wa kamba, na shuka la wadi la mkewe likiwa kati yetu.

"Kioko. Nilimsikia."

Nilishika kibanio mkononi nikakosa pa kukiweka.

"Mara zote mbili," alisema. "Nilidhani atavuta hatamu arudi nyuma. Wanavuta, Kioko. Miaka yote hii, ukimbana mtu anavuta, anakutukana, mnaendelea. Mimi nikiwa mwanagenzi nilivuta mpaka mikono ikachubuka. Nikasema, huyu ni mtoto, atavuta."

"Hakuwa na nafasi ya kuvuta. Mimi nilikuwa nyuma yake."

Treni ikaja ikapita. "Ulisema kweli, na mimi nikawaacha wakuone mwongo ndani ya nyumba yangu," alisema, kisha akaingia ndani.

Lokdauni ilipolegezwa aliniomba nimpeleke kumwona Tess, kwenye kituo alikokuwa akifundishwa kuishi upya. Hakujiamini kuendesha. Tuliruhusiwa bustanini tu, na barakoa. Tess alijisukuma mwenyewe kuja kwetu. Mabega yalikuwa yamekonda na nywele zimekatwa. Baba Shiru alisimama. Alikuwa ameandaa maneno, nilimsikia akiyarudiarudia ukutani siku nzima, lakini yote yalimkimbia, akabaki kusema pole, kwa Kiswahili, kwa mtu asiyeijua maana yake.

Tess hakumsaidia. Alimtazama mpaka akamaliza. Kisha akauliza, "Joe, nilikuita?"

"Uliniita."

"Ulisikia?"

"Nilisikia. Mara mbili."

Alifumba macho. Mikono yake ilishika magurudumu ikaachia. "Waliniambia haikuthibitika kwamba niliita," alisema. "Kila siku nalala pale ndani najaribu kukumbuka kama nilifungua mdomo. Nilijua kosa ni langu. Nilijua ningepiga kelele, usingeingia." Baba Shiru akaanza kulia, mabega yote yakitikisika, nami sikuwahi kumwona hivyo. Yeye Tess hakulia. "Usilie hapa," alimwambia. "Mimi ndiye ninayeishi hapa. Nenda ukawaambie."

Akageuza kiti. Hakumsamehe siku ile, na sijui kama alimsamehe baadaye. Barua pepe nilizopata kutoka kwake miaka iliyofuata zilizungumzia chuo, mbwa wake, na ubaya wa njia za kupita viti vya magurudumu mjini, basi.

Ni kweli alikwenda kuwaambia. Kesi ile ya pili haikuwa ya uzembe. Ilikuwa ya kuwadanganya wasimamizi, na hiyo wanaiadhibu vikali zaidi kuliko kumziba mtu njia. Walimwondoa mbioni kwa mwaka mmoja na nusu, naye akiwa katika umri ule, maana yake wote tuliijua. Mwaka uliofuata alianza kubeba makontena, na hakupanda farasi tena mpaka anakufa. Mimi niliendelea misimu michache, goti likanishinda, nikaacha.

Lakini asubuhi ile ya kesi ya pili, nilipotaka kuingia chumbani kwangu, alinizuia. Alikuwa amevaa suti ambayo haikufunga tena tumboni. Mama Shiru alikuwa ameshika mgongo wa kiti chake, bado na sare ya kazini, na mara hiyo hakuivulia gereji. "Kaa hapa," Baba Shiru aliniambia, akavuta kiti kingine mbele ya kompyuta. Msimamizi mkuu alisoma mashtaka yote, akauliza kama anayaelewa, akauliza kama anakiri. Kisha akavua miwani, akauliza kwa nini amekuja kusema sasa, wakati adhabu ya kwanza ilikuwa karibu kwisha na hakuna aliyekuwa akimfuata.

Baba Shiru aliisogelea kompyuta.

"Bwana," alisema, "yule mtoto alikuwa anadhani alinyamaza."